Upana wa Sinia

Kibao cha KIMYA kilipakwa rangi kabla sijaajiriwa,
na herufi ya M imebanduka mguu mmoja.
Hapa Amu, katika nyumba hii, hata kiti huinuliwa,
hakiburutwi.

Ndipo akaja Famau, fundi, na ngazi ya kuazima,
akafunga kwenye boriti kitu bapa
mfano wa kifuniko cha sufuria ya harusi.
Hii ni spika, akasema, lakini haipayuki.
Inamimina sauti wima, kama birika
juu ya mikono ya mgeni mmoja.
Wa pembeni hapati hata tone.

Mzee Bwanaheri wa kamati akakataa.
Maktaba si baraza la kahawa;
leo spika, kesho matari.
Famau hakubishana. Alimshika kiwiko,
akamsimamisha penye alama ya chaki.
Tukaiona kofia ikiinama.
Akatoka hatua moja. Akarudi. Akatoka tena,
kama mtu aliyeangusha kitu mlangoni
asikumbuke ni ndani au nje.
"Nani," akauliza, "amemtia Mwanaesha darini?"

Ni mama yangu.
Nilimrekodi kwa simu, mwaka wake wa mwisho,
akisuka ukili uani:
Moya yuu, moya tini. Usivute sana, miyaa ina roho.
Kisha kikohozi. Kisha, Umeona, Zena?
Famau aliuliza kama akikate kikohozi.
Kata kunguru ukiweza, nikamwambia. Kikohozi ni chake.
Na jina?
Nikajifanya napanga kadi.

Tatizo likawa sakafu.
Chokaa ngumu; ilimrudisha mama juu,
akaruka ukutani, akapita zidaka,
akamfikia yule kijana wa kidato cha nne na kemia yake.
Panataka kitu cha kummeza, alisema Famau,
halafu akaomba radhi kwa neno lile.
Nikaenda nyumbani nikaleta mkeka,
ule ule anaousuka mle ndani,
haujatiwa pindo,
miyaa ingali inaning'inia upande mmoja.
Ukameza.

Mama yangu, aliyekuwa akiniita kutoka juu ya dari
nikamsikia niko kisimani, mitaa mitatu,
na majirani wakamwitikia kabla yangu!
Leo amepimwa: upana wa sinia,
saa tatu hadi saa kumi na moja,
Jumapili amezimwa.

Watoto wameufanya mchezo.
Mmoja anaingia mkekani,
wengine wanausoma uso wake.
Na wote, wakifika pale pa Umeona, Zena,
hutikisa kichwa: ndiyo. Hata wavulana.
Hata Mzee Bwanaheri, ajaye kila Jumatano
kutafuta, asema, gazeti.

Mimi nafagia kuuzunguka.
Miezi minne ufagio unafika kwenye miyaa,
unageuka.

Jana, karibu na kufunga, nikavua kandambili.
Ikanishukia utosini kama maji ambayo
hujui ni baridi au ya moto mpaka yafike shingoni:
moya yuu, moya tini,
kikohozi,
yule kunguru ambaye Famau hakumuweza,
Umeona, Zena?

"Nimeona,"
nikasema, na sauti yangu haina fundi,
haijafundishwa kushuka wima.
Ikajaa chumba. Ikaingia zidaka zote, moja moja,
ikagonga kibao,
na yule kijana wa kemia,
kwa mara ya kwanza tangu Mfungo Sita,
akainua kichwa,
akanitazama,
akaweka kidole mdomoni.